Namba Zenye Miguu Miwili

Nilifika Rumonge Mama Zaituni ameshazikwa. Waislamu hawalazi maiti bila sababu, na mimi barabara ilinichelewesha: mbele ya Minago ziwa lilikuwa limepanda juu ya lami, magari yakawa yanapita moja moja, na langu likangoja zamu kama mengine yote. Nilipopanda kilimani hadi nyumbani kwake wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini na wamekaa uani chini ya turubai. Nilivua viatu nikaingia chumba cha wanawake, nikajibanza kwenye kona ya mkeka, mgongo ukutani, maana siku hizi mgongo wangu unataka ukuta. Kahawa ilipita kwenye vikombe vidogo. Mwanamke mmoja nisiyemjua alimgusa mwenzake goti, akasema kwa sauti ya wale wanaodhani wananong'ona: "Ule pale ndiye." Mwenzake akauliza nani. "Ule Mutanzania wa mashini. Yeye ndiye alisema maji itakuja, marehemu akahama. Wengine walibaki, si umeona?" Yule wa pili alinitazama kwa heshima. "Basi alimuokoa." "Alimuokoa kabisa. Alisoma, ule." Nilikunywa kahawa yangu. Zaituni, binti wa marehemu, alikuwa amekaa karibu na mlango, macho yamevimba. Alisikia kila neno na hakunitazama. Nilikuwa nimechoka na safari, tena nimechoka zaidi na habari hiyo, ambayo Rumonge wamenisimulia mara nyingi kama vile mimi sikuwepo.

Na nilikuwepo. Huu ndio mwaka ninaotaka kuuandika, mwaka wangu wa kwanza nchini baada ya kurudi kutoka Tanzania, kwa sababu kila kitu nilicho nacho leo kilianzia pale: kazi yangu Bujumbura, nyumba yangu ya Kabezi yenye vigae na tangi la maji juu ya paa, vijana ninaowafundisha ambao wengine sasa wako ng'ambo. Sitazungumzia wazazi wangu wala kambi ya wakimbizi. Hayo kila mrejeaji anayo, na wote tumeshachoka kuyasikia. Nitasema tu kwamba nilishuka Rumonge na sanduku moja, na ndani ya sanduku, katikati ya kanga mbili ili isikunjike, stashahada ya hisabati na kompyuta niliyoipata bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Darasani kwetu nilikuwa wa kwanza. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwaka ule hakuna aliyetaka kunisikia nikisema. Mjini waliniita Mutanzania. Kirundi changu kilikuwa cha mtoto, Kifaransa changu kilikuwa cha kubahatisha, na Kiswahili changu, ambacho Tanzania hakuna aliyekishangaa, sokoni Rumonge kiliwachekesha watu. "Wewe unaongea kama redio," Mama Zaituni aliniambia siku ya kwanza. "Ukisema unataka chumba, mutu anangoja habari za dunia."

Chumba alinipa. Kilikuwa cha mwisho uani, upande wa ziwa, chenye kitanda cha mbao, dirisha la mbao lisilo na kioo, na sakafu ya saruji ambayo jua la alasiri liliipasha joto hadi ningeweza kuanika soksi juu yake. Nyumba ilikuwa yake yeye, si ya mumewe wala ya ndugu. Aliijenga kwa fedha za ndagala, hao dagaa wa ziwani, akinunua asubuhi kwenye mitumbwi, akianika kwenye nyavu, na kuwapakia madereva magunia ya kwenda Bujumbura. Kila chumba aliweza kukutajia msimu wake: hiki ni cha mwaka samaki walikuwa wengi, kile ni cha mwaka alipouza mawese pamoja na ndagala. Chakula tulikula jikoni, mimi, yeye na Zaituni aliyekuwa binti wa rika langu, juu ya vigoda vifupi: bugari ya muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese mpaka mafuta yakawa mekundu pembeni, na samaki mukeke wa kuchoma siku za neema. Mama Zaituni alikuwa na desturi ya kunikatia kipande cha kati, na kama nikikataa alisema, "Kula, weye. Kichwa inayofanya hesabu inakula kuliko mugongo inayobeba gunia." Wanawake wa soko walipita kusalimia, wakakaa, wakasema: nani kaachwa, nani kapata kiwanja, mrejeaji gani kalikuta shamba lake la michikichi lina mwenyewe mwingine. Hapo walinitazama kidogo, wakabadilisha maneno. Nilikuwa na njaa miaka ile, njaa ya kila kitu, na nilipapenda jikoni pale kuliko mahali popote nilipowahi kulala.

Kazi niliipata kwenye ofisi ndogo ya kupima maji, chumba kimoja karibu na bandari. Kulikuwa na kabati la chuma, ramani ya ufukwe iliyobandikwa ukutani, kompyuta mbili kuukuu, na mkuu wa ofisi, Shefu Anselimi. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kizibao cha sufu hata kwenye joto, aliyeyajua maji kuliko kompyuta lakini programu aliiandika yeye mwenyewe na aliipenda kama mtu anavyopenda shati aliloshona. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa nyingi, ziwa lilipanda, nyumba za watu wa chini kabisa zikaanguka. Serikali ikataka mstari. Chini ya mstari asijenge mtu, juu yake ajenge. Waliobomokewa wangepewa viwanja mara tu juu ya mstari huo, karibu na maji ili waendelee kuvua. Kazi yetu ilikuwa kusema mstari upite wapi. Kupanda kwa maji kulionekana kwa macho. Kilichokuwa kigumu ni kuyumba kwake. Kiangazi upepo wa kusini hulisukuma ziwa, na unapoacha maji hurudi, huenda, hurudi tena, kama chai kwenye sinia la mtu anayetembea. Ghubani kwetu kuyumba huko kuliongezeka. Kwenye gati tulikuwa na bomba lenye boya ndani yake, na kifaa kilichoandika urefu wa maji usiku na mchana. Mwinuko wenyewe ni mdogo, lakini ufukwe wa pale umelala kama mkeka. Kiganja kimoja kwenda juu ni ua mzima kwenda bara.

Naomba msomaji anivumilie kidogo kwenye hesabu, maana bila hesabu hakuna habari. Ukiipa kompyuta safu ndefu ya vipimo vya maji, inaweza kukutenganishia miyumbo yote iliyochanganyika humo, ya haraka na ya taratibu, na kwa kila mmoja inakupa namba moja. Lakini namba hiyo ni namba changamano, nami huwaambia wanafunzi wangu kwamba ina miguu miwili. Chora kwenye karatasi: mguu mmoja unakwenda kulia, mwingine unakwenda juu. Mmoja peke yake haukuambii myumbo ni mkubwa kiasi gani. Ukubwa ni urefu wa mstari ulionyooka kutoka pale ulipoanzia hadi ulipofika: mraba wa mguu wa kwanza, jumlisha mraba wa mguu wa pili, tafuta kipeuo cha pili. Ni pembetatu tu, ile ya shuleni. Hiyo ndiyo thamani kamili ya namba changamano, na kompyuta inaweza kuipata kwa safu nzima kwa amri ya neno moja. Ukianza kupima maji mapema au ukichelewa, miguu inabadilishana urefu, huu unafupika, ule unarefuka. Lakini ule mstari wa katikati haubadiliki, kwa sababu ziwa halijali wewe umeanza kuliangalia saa ngapi.

Shefu Anselimi alipiga hesabu yake kabla mimi sijazoea kiti. Mstari aliuchora kwa penseli kwenye ramani, na ulipita chini ya ua wa Mama Zaituni, kando ya choo. Nyumba nzima ilibaki juu, salama. Mji mdogo hauna siri, na jioni ileile niliporudi nilikuta sufuria ya pilau jikoni na wanawake wamejaa hadi mlangoni. Jirani yake Kasimu, fundi wa mitumbwi, ambaye nyumba yake ilifuatana na ya Mama ukuta kwa ukuta, aliletewa sahani yake nje. "Shefu ni mutu ya haki," alisema mdomo umejaa. Mama Zaituni alinikumbatia kama vile penseli niliishika mimi. Alinionyesha mahali pa kuongeza chumba cha Zaituni akiolewa, upande wa choo, na akaniuliza kama milango iangalie ziwa ama barabara. Nilimwambia ziwa. "Unaona?" akawaambia wanawake. "Amesoma."

Kosa lilijitokeza kwa sababu ya mvuvi mmoja aliyefunga mtumbwi wake kwenye bomba letu. Boya lilikwama, vipimo vya mwanzo vikawa havifai, na Shefu akaniambia nivikate, nipige hesabu upya, ripoti iende Bujumbura. Nilikata. Nikaendesha programu yake. Myumbo ule mkubwa ukatoka tofauti kabisa, mkubwa zaidi kuliko alioupata yeye. Nilikaa nikiutazama. Myumbo hauwezi kukua kwa sababu tu umekata saa za mwanzo. Nikakata nyingine kidogo, nikaendesha tena, ukapungua. Nikakata tena, ukakaribia sifuri, kana kwamba ziwa limetulia kama beseni. Nikafungua programu nikaisoma. Amri ya thamani kamili ilikuwepo, mahali pake, na yeyote aliyewahi kuisoma alipofika hapo aliridhika. Lakini juu kabisa, mstari wa kwanza, Shefu alikuwa ameandika amri ya kuizuia mashine isionyeshe maonyo. Nilijua kwa nini. Alishanieleza mwenyewe bila aibu: wageni wakija kutoka Bujumbura na kuona maandishi mekundu kwenye kioo, tena ya Kiingereza, huuliza kama mashine inaumwa, halafu hawaleti nyingine. Niliifuta amri ile. Nikaendesha. Likatokea onyo moja jekundu, la Kiingereza, na Kiingereza ndicho nilichosomea hisabati yote. Lilisema mashine imetupa mguu wa pili.

Shefu hakuwa na nia mbaya. Namba zenye miguu miwili huchukua nafasi maradufu, na kompyuta yetu ilikuwa na nafasi ya kuhesabia kidogo. Kwa hiyo Shefu alitayarisha safu ya namba za kawaida, nyepesi, akamimina majibu humo, na mashine, ambayo haiwezi kutia miguu miwili kwenye kiatu kimoja, ikakata mmoja na kuonya. Onyo likazimwa. Baada ya hapo ndipo amri ya thamani kamili ikapita, ikachukua mguu uliobaki, ikaufutia alama ya kutoa kama unayo, basi. Kazi ya kurekebisha ilinichukua asubuhi moja, na hadi leo naionea fahari. Niliikata safu vipande, nikaacha kila kipande na miguu yake yote miwili, nikakitafutia thamani kamili hapohapo, na ni ile thamani tu niliyoihifadhi kabla ya kuleta kipande kingine. Nafasi ikatosha. Nikaanza vipimo mapema, nikavianza kwa kuchelewa, jibu likakaa karibu palepale, halitikisiki. Halafu nikachukua namba chache nikazifanya kwa mkono, kwa karatasi na kikokotoo, kwa sababu sikutaka liwe kweli. Lilikuwa kweli. Nikasimama mbele ya ramani na rula. Mstari mpya ulipita juu ya choo, juu ya vyumba, juu ya jiko, ukaenda kutokea nyuma ya nyumba karibu na barabara, nyumba nzima ikabaki upande wa ziwa.

Nilimwambia yeye kabla ya kumwambia Shefu. Ilikuwa mchana, Zaituni ameenda sokoni, Mama ametandika ndagala kwenye nyavu na amekuja jikoni kunipakulia. Nilimweleza kama ninavyoeleza hapa, kwa vijiti viwili sakafuni. Alisikiliza vizuri. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi tu."

"Shefu hajui?"

"Bado."

"Basi kula," akasema, akanisogezea sahani.

Nilimwambia kesho nitamwambia Shefu. Akavuta ungo wa mchele, akachambua mawe taratibu, kisha akaweka ungo chini. "Pelajia. Maji imeshafika hapa?"

"Hayajafika."

"Wakati wa mvua kubwa, ilifika?"

"Hayakufika. Lakini upepo ulikuwa haujaja ziwa likiwa juu hivi. Vikikutana..."

"Vikikutana." Alilirudia neno kama mtu anayeonja chumvi. "Weye ulirudi hapa, ukakuta inchi iko, ukakuta kiti ya ofisi iko, ukakuta kitanda yangu iko. Sisi tulibaki. Sasa unataka na mie nitie bati kichwani, nitembee nazo barabarani kama mukimbizi?"

Hilo lilinipata mahali ambapo hapajapona. Nilimwambia kuna wale waliobomokewa, mstari wa Shefu ukibaki watapewa viwanja vya huku chini, watalala pale na watoto.

"Wale ni ndugu zako?"

"Hapana, Mama."

"Ni wangu?"

Alisema pia maneno mengine, makali zaidi, ambayo sitayaandika kwa sababu hayupo kuyatetea. Kisha aliinua sahani yangu, akaona sijala, akaifunika na nyingine. "Fanya yenye utafanya," alisema. "Lakini usiniambie kama ni kwa ajili yangu. Hiyo usiniambie."

Shefu Anselimi alichukua muda kunisikia. Kwanza alisema programu ile imetumika mwaka mzima. Halafu akasema Mutanzania amekuja juzi. Halafu akavuta kiti, akaniomba nianze vipimo saa aliyoitaja yeye, kwa programu yake. Tukapata jibu. Akataja saa nyingine. Jibu likawa lingine. Akaitaja ya tatu, na hapo sauti yake ilikuwa imeshuka. Nikamwendeshea yangu kwa saa zilezile tatu, majibu yakatoka kama mapacha. Alivua miwani akafuta jasho. "Mademuazeli," alisema, "unajua kama nimeshawaambia watu?" Nilisema najua, pilau nilikula. Alicheka kidogo bila furaha, akafuta mstari wa penseli kwa mkate mkavu, kwa kuwa kifutio hatukuwa nacho, na akanipa rula nichore mimi. Ripoti aliisaini yeye. Sikugombana. Wote wenye akili pale mjini walijua imetoka mkono gani, na barua ya kuniita Bujumbura mwaka uliofuata haikuja kwa jina lake. Lakini alisema jambo moja nililolichukia wakati ule na leo naliona ni haki: "Piketi utakwenda kuzipanda weye. Wale watu wakiuliza, weye ndiye unajua kujibu."

Tulizipanda, mimi na vibarua, vigingi vyenye rangi nyekundu na nyeupe, ufukwe mzima. Watu walitoka milangoni kutuangalia. Kimoja kiliingia nyuma ya jiko la Mama Zaituni, udongo ukawa laini, kikazama kwa pigo moja. Kasimu alikuja na tezo mkononi, akaniuliza kama nimeota ndoto gani. "Jana tuko salama, leo tuko ziwani! Ziwa imetembea usiku?" Nilimweleza, naye akanigeuzia mgongo. Mama Zaituni hakutoka. Kwa muda mrefu hakusema nami ila yale ya lazima, chai iko, maji ya kuoga iko, na mimi nilikula kwa adabu kama mgeni na kuoga haraka. Serikali ilitoa viwanja kilimani kwa wale wa ndani ya mstari, viwanja vya mawe, mbali na ziwa, na ikawaambia wahame kabla ya kiangazi. Kasimu alikataa. Wengi walikataa. Nilidhani Mama Zaituni naye atakataa, na kusema kweli nilitamani akatae, nisiwe mimi niliyeivunja nyumba ile.

Asubuhi moja niliamshwa na nyundo juu ya kichwa changu. Mama alikuwa amempata fundi, na yeye mwenyewe amesimama uani, kitambaa kichwani, akipokea bati moja moja zinaposhushwa na kuzipanga kwa ukubwa. Alikagua kila msumari uliong'olewa na uliofaa akautia mkebeni. Jua liliingia jikoni mahali ambapo halijawahi kuingia, likaonyesha masizi ya miaka yote ukutani, na Zaituni akaanza kulia kwa sauti. Mama yake akamwambia anyamaze, watu wanapita. Mimi nilikuwa nimefunga sanduku langu, nikijua nitatafuta chumba kwingine. Alikuja akalichukua sanduku lile, akalitia juu ya magodoro kwenye mkokoteni.

"Unakwenda wapi?" aliniuliza.

"Nitatafuta mahali, Mama."

"Hapana. Weye ndiye ulisema nihame. Utakwenda kukaa penye umeniweka, upande mulima na mie kila siku."

Nikapanda. Miezi iliyobaki ya mwaka ule niliishi kilimani, kwenye vyumba viwili vilivyonuka saruji mbichi, na kila asubuhi nilishuka kazini na kila jioni nilipanda. Mama alishuka kuwafuata samaki mbali sasa, na alirudi na beseni kichwani huku anahema. Kidogo kidogo kipande cha kati cha mukeke kilirudi kwenye sahani yangu, bila maneno. Kiangazi kilikuja na upepo wake. Shefu nami tulikaa gatini tukitazama boya likipanda na kushuka. Maji yalivuka choo cha zamani cha Mama Zaituni siku moja, yakalamba, yakarudi. Hayakufika kwenye vyumba. Upepo mkubwa na maji makubwa havikukutana mwaka ule, wala uliofuata. Nilichopata mimi ni urefu ambao maji yangeweza kufika. Tarehe sikuwa nayo, wala hakuna safu ya namba iwezayo kuitoa. Jambo hili nimewafundisha vijana wengi kwa chaki, lakini jaribu kulieleza sokoni. "Mama Zaituni!" Kasimu alimwita kila akimwona anapita na beseni. "Maji yako iko wapi? Ilipotea njia?" Watu walicheka. "Uliza Mutanzania wako, labda iko na pasipoti!" Yeye alipita bila kugeuka. Nilitembea nyuma yake mara moja nikiwa na beseni la pili, nikaona shingo yake imekaza, na nilitaka kurudi kumweleza Kasimu habari ya pembetatu. "Wacha," alisema. "Tembea."

Kasimu alikaa mule miaka mingi. Aliwakuza wanawe mule. Alipaka nyumba rangi, akaongeza ukumbi, akachukua hata matofali ya kiwanja cha Mama yaliyobaki. Mimi wakati huo niko Bujumbura, napanda cheo, najenga Kabezi, na kila nikishuka Rumonge naiona nyumba ile nyeupe pale chini, kavu, nguo zimeanikwa. Halafu ikaja hii miaka ya karibuni. Ziwa lilipanda lenyewe, mvua juu ya mvua, pole pole, mwezi kwa mwezi, bila upepo, likaingia nyumba ya Kasimu mlangoni kama mwenye nyumba na likabaki. Siku hizi ukuta wake mmoja unaonekana majini. Hapo ndipo mji ulipogeuza maneno, nikawa yule aliyeona mbele.

Mara ya mwisho nilipomwona Mama Zaituni alikuwa amelala kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na mlango ili apate hewa. Miguu ilikuwa imevimba. Zaituni alimpangia mito mgongoni. Tuliongea habari za wanangu, za bei ya vitu, kisha akaniuliza, kwa namna ya mtu aliyelipanga swali zamani:

"Pelajia. Ile hesabu yako ya wakati ule, ilikuwa ya kweli?"

"Ya kweli, Mama."

"Na hii maji iliyomutoa Kasimu, ndiyo hiyo ulihesabu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mji mzima ulikuwa umeshasema ndiyo kwa niaba yangu, na Zaituni, nyuma ya kitanda, alinikazia macho akinisihi niseme. Lakini kwenye hesabu sijawahi kudanganya, na sikujua namna ya kuanza nikiwa na umri huu.

"Si hiyo," nilisema. "Hii ni ziwa zima limepanda. Mimi nilipima myumbo wa upepo."

"Na ya upepo, ilifika kwangu?"

"Haikufika. Ilikuwa inaweza kufika. Haikufika."

Alitazama dari. Niliona midomo yake inahesabu, misimu, samaki, arusi ya Zaituni iliyofanyika kwenye kiwanja cha mawe.

"Kwa hiyo ningekaa mule mpaka juzi," alisema.

"Ungekaa, Mama."

Alianza kucheka. Kicheko kilikuwa kidogo, kikamgeukia kikohozi, Zaituni akamshika mabega na kunitazama kwa jicho ambalo bado analo hadi leo. Mama Zaituni alimsukuma mkono pembeni apate pumzi.

"Umemusikia?" alimwambia bintiye. "Hasemi uongo hata kwa mugonjwa." Akafumba macho, akipumua kwa shida, mkono wake umeshika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Basi sikuvunja nyumba yangu kwa uongo ya mutu."